Dawa Niliyoitangaza Kabla Haijazaliwa

Alhamisi. Joto la kunata tangu asubuhi. Mawingu yamelala juu ya ziwa kama godoro lililoloa, na mvua yenyewe haitaki kushuka. Nimerudi kutoka hospitali saa tisa, nimekaa kwa cherehani, lakini sishoni. Naandika na kidole kimoja, kama kawaida yangu.

Leo nimemwambia.

Wacha nianze vizuri, kwa sababu siku nyingine nikisoma hapa nataka nielewe nilifikaje.

Mnaonisoma mnanijua kwa maringo. Hii blogu alinifungulia binti yangu Achieng ili niweke picha za sare za kwaya ninazoshona hapa Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Niliweka sare mbili. Baada ya hapo nikaweka Achieng. Achieng akipokea shahada. Achieng na koti jeupe. Achieng amesimama karibu na mashine ambayo sijui kazi yake, lakini ni kubwa na ina taa ya kijani. Mnisamehe. Mimi niliishia darasa la saba, na mtoto niliyemlaza chini ya hii cherehani ndani ya kapu la vitambaa sasa anaongeza shahada juu ya shahada kule chuo kikuu Maseno. Ni mama gani angenyamaza?

Anasomea vidudu vya magonjwa. Na si vidudu vyote, ni kitu kimoja tu ndani yao. Nilimwuliza, "Nyathina, mtoto wangu, miaka yote hiyo kwa kitu kimoja?" Akacheka. "Mama, wewe umeshona kola tangu sijazaliwa na bado unasema kola ni ngumu."



Hicho kitu kinaitwa kimeng'enya. Siku moja alinionyesha picha yake kwa kompyuta, pale pale kwa meza ya kukatia. Ni kama uzi mmoja mrefu usiokatika, umejikunja wenyewe. Mahali pengine umejizungusha kama uzi wa bobini, pengine umelala bapa kama marinda yaliyopigwa pasi. Katikati kuna kishimo. Ndani ya kishimo kuna chembe mbili za zinki, zinki ile ile ya mabati, lakini ndogo hata jicho haliwezi. Sasa, dawa nyingi tunazopewa za kuua vidudu, penisilini na ndugu zake, zina pete ndogo ya pembe nne, na nguvu ya dawa iko kwa hiyo pete. Dawa ikiingia kwa kishimo, zinki zinaishika, pete inakatwa, dawa inabaki jina tu. Kimeng'enya kinaitema na kungoja nyingine.

"Ni kama mkasi," nikasema.

"Mkasi usioisha makali, Mama."

Kazi ya Achieng ni kutafuta kitu kitakachoingia kwa kishimo kile na kukwama. Nilielewa mara moja. Kifungo kikubwa kuliko tundu lake: kinaingia nusu, hakiendi mbele, hakirudi nyuma, na hakuna kifungo kingine kitapita hapo. Mkasi ukizibwa hivyo, dawa ya zamani inafanya kazi tena. Na mwaka huu alikipata kimoja. Alinipigia simu akilia kwa furaha. Alisema kimezuia vizuri sana kwenye kichupa.

Mimi hiyo ya kichupa niliiruka.

Siku hiyo sikushona hata pindo. Nilipita duka kwa duka nikitangaza kwamba Achieng wangu amepata dawa. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Mchungaji akasema tumpigie Mungu makofi, nikapokea makofi hayo mimi.

Kuna jambo lingine, na hili sijawahi kuliandika.

Kwa sababu ya Achieng watu walianza kuniita Mama Daktari. Na mama daktari lazima awe na dawa, si ndiyo? Kila nyumba huku inaweka masalio. Umepewa kapsuli za siku saba, siku ya tatu umepona, zile nyingine unaweka, kwa sababu kutupa dawa ni kama kutupa ugali. Mimi zangu niliziweka kwenye mkebe wa vifungo. Na jirani akipona ananiletea masalio yake, mkebe unajaa. Mtoto anakohoa, natoa mbili. Mtu amejikata na panga, nafungua kapsuli namwagia unga juu ya kidonda. Jino, tumbo, chochote. Nachagua kwa rangi. Achieng aliponipata alinikataza, akanieleza, karibu apige magoti. Nikamwambia nimeacha. Nilichoacha ni kuweka mkebe mahali anaweza kuuona.

Kisha Mzee akaanza kuugua.

Mzee wangu, Baba Achieng, alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa. Mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Mwaka jana mkojo ulianza kumsumbua, hospitalini wakamwekea mpira wa kupitishia mkojo. Aliona aibu sana, hata mimi alikuwa ananigeuzia mgongo. Homa ilipokuja alikataa kurudi hospitali. "Siendi kuonyesha watoto wa juzi mambo yangu." Basi nikafungua mkebe. Mbili asubuhi, mbili jioni. Siku ya pili homa ikashuka, nikasimamisha, nikarudisha zilizobaki. Nilijisifu mbele yake: "Wewe umeoa hospitali nzima na hujui."

Homa ikarudi. Nikampa za rangi nyingine. Ikashuka, ikarudi. Nilizunguka mkebe wote hivyo, miezi.

Achieng sikumwambia. Nilijidanganya kwamba ana mitihani. Ukweli ni kwamba niliogopa ataniuliza nimempa nini.

Mpaka asubuhi ile Mzee aliamka hajui jina langu. Ndipo tukampeleka mjini, hospitali kubwa. Wakamtundikia dripu, akili ikarudi kidogo, homa ikakataa kutoka. Jumatatu majibu ya maabara yakaja. Ni karatasi moja. Majina ya dawa yamepangwa kwenda chini, na mbele ya kila jina kuna herufi. R. R. R. R. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alisema R maana yake kidudu kimeikataa hiyo dawa.

Mimi nilifanya nini? Niliinua sauti ili wodi yote isikie.

"Daktari, usisumbuke. Msichana wangu ndiye mwenye hicho kidudu. Dawa yake iko kwa friji Maseno. Nitamwambia alete."

Daktari aliitazama tena ile karatasi. Sista akaacha kukunja shuka. Kitanda cha pili kuna mzee wa mjini, Mzee Hamisi, ana kidonda cha mguu kisichosikia dawa, na mkewe Mama Zuhura hamwachi hata dakika. Mama Zuhura alinishika mkono. "Mama, hata yetu utatukumbuka?" Nikamjibu, na sauti yangu naisikia mpaka sasa: "Itatosha wote."

Mzee pia alisikia. Na kuanzia jioni ile Mzee alianza kula. Vijiko viwili vya uji, kesho yake nusu kikombe. Alikuwa hajala siku nne.

Achieng alifika Jumanne. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akatoka nje ya wodi. Nilimkuta kwenye veranda ameshika nguzo.

"Mama, ni kile kile ninachosomea."

Mungu anisamehe, kitu ndani yangu kiliruka kwa furaha. "Basi lete."

"Nilete nini?"

"Ile yako. Ya friji."

"Mama, hiyo si dawa. Ni unga kidogo niliojaribu kwa kichupa. Hata panya hajauonja."

"Si ujaribu kwa baba yako? Kwani tunangoja nini?"

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto anayekimbilia barabarani. Akanieleza polepole. Unga wake unakwama kwenye kishimo kwa kuzinyakua zile zinki. Lakini mwili wa mtu pia unatumia zinki, mahali pengi. "Nikiumwaga ndani ya damu ya Baba, utanyakua ya nani kwanza? Mimi sijui. Hakuna anayejua. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki."

"Na hiyo kazi itaisha lini?"

"Mambo yakienda vizuri, labda nikiwa na umri wako."

"Na yasipoenda?"

Aliniuliza swali lake, lile nililokuwa nalikimbia. "Alikuwa anakunywa nini nyumbani?"

Nikamwambia. Mkebe, rangi, mbili asubuhi mbili jioni. Kila kitu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema dawa kidogo kidogo inaua vidudu vinyonge na kuwaachia nyumba wale wenye mkasi. Na wenye mkasi hawana uchoyo, wanapeana karatasi ya mfano wa kukatia kama sisi mafundi tunavyoazimana, mpaka hata kidudu cha ukoo mwingine kinajua kukata. Halafu akasema huenda haikutoka kwangu. Huenda ni ule mpira, huenda ni maji, huenda alikipata hapa hapa, hakuna mtu anaweza kujua.

Alisema hivyo kwa sababu ni mtoto wangu. Mimi ni fundi. Mtu akikunja kitambaa ili kiraka kisionekane, najua.

Kwenye ile karatasi ilibaki dawa moja tu isiyo na R. Lakini ni kali kwa figo, na figo za Mzee zilikuwa tayari zimechoka. Walianza Jumanne hiyo hiyo. Jana uso ukavimba, mkojo ukawa matone. Leo asubuhi daktari ameisimamisha. Aliniita kando na kuniambia kwa Kiswahili kizuri, bila kunificha, kwamba sasa watamtunza asiumie. Nikamwuliza, "Na baada ya hapo?" Akasema, "Mama, hiyo ndiyo yenyewe. Hakuna baada yake."

Achieng alikuwa ameniomba tangu Jumanne: "Baba akiniuliza sitamdanganya. Lakini afadhali aisikie kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia." Jana nilienda nikiwa nimejipanga. Mzee akanitangulia, "Imefika?" Nikasema iko njiani. Mama Zuhura, ambaye mdomo wake haulali, akadakia kutoka kitanda cha pili, "Mama Profesa, hiyo dawa inakuja na boda ama inakuja na konokono?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilienda chooni nikakaa huko mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Leo sikuwa na pa kwenda. Nilimfuta uso, nikamweka sawa kwa mto, nikakaa.

"Baba Achieng, hakuna dawa. Ile ya mtoto bado si dawa. Niliongeza chumvi."

Alikuwa anaangalia dripu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Min Achieng, mama Achieng, siku ya harusi yetu uliwaambia watu wa kwenu kwamba ile trekta ni yangu." Akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, nikamshika mabega. Yamebaki mifupa. "Wajomba zako wakaja kuomba niwalimie. Nilitoroka wiki nzima."

"Sasa kama ulijua, mbona ulikuwa unakula?"

"Ulikuwa unafurahi nikikula."

Wuololo, ole wangu.

Sikulia. Nilinyoosha shuka ambayo haikuwa imekunjamana.

Nilipogeuka, Mama Zuhura alikuwa ameshika kikombe na hanywi. Alikuwa amesikia yote. Nikamwambia, "Mama, hata ya Mzee Hamisi hakuna. Nilisema kitu ambacho sikuwa nacho." Nilitaka anitukane, kwa sababu kwa matusi najua kujibu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Na mimi nilishawaambia watoto wangu." Akaweka kikombe chini na kuanza kumpepea mumewe na kipande cha boksi.

Achieng alipofika Mzee alimwita karibu. Hakumwuliza habari ya dawa. Alisema, "Hebu nionyeshe hicho kitu kinachoniua."

Niliona mtoto amesita. Kisha akatoa simu, akamwonyesha picha, akaizungusha na kidole polepole. Mzee aliangalia muda mrefu, vile alikuwa anaangalia injini.

"Kimetengenezwa vizuri," akasema.

"Vizuri sana, Baba. Ndiyo shida yake."

"Na changu kinafanana na hiki?"

Achieng akasema karatasi inaonyesha ni cha ukoo huo, lakini vidudu hubadilisha kitu kidogo hapa na pale, mkunjo mmoja karibu na kishimo, na mkunjo mmoja unatosha kufanya kifungo chake yeye Achieng kikatae kukwama. Ndiyo maana wanakusanya kutoka kwa wagonjwa, waone mikunjo yote.

"Basi chukua changu."

Hapo ndipo Achieng alilia. Tangu Jumanne hakuwa amelia. Alimwambia baba yake kwamba yeye hawezi kumwomba, sheria yao haimruhusu, ni lazima Baba aombwe na mtu mwingine, asomewe karatasi, na ana haki ya kukataa. Mzee akasema, "Kwani wewe umeniomba? Mimi ndiye nasema." Tukamwita daktari. Akasema kesho saa tatu asubuhi ataleta karatasi, Mzee atie sahihi, mimi niwe shahidi, na atachukua damu kidogo na mkojo utakaopatikana.

Sasa nitasema ukweli wa moyo wangu, mnicheke mkitaka. Pale pale, na mume wangu amelala hivyo, nilishaanza kujisikia mkubwa. Nikafikiria jina lake limeandikwa ndani ya kitabu huko chuoni, jina la mtu wa trekta, na binti yake ndiye ameliandika. Nilishaona nitakavyolisema kanisani.

Tulipotoka nikamwuliza Achieng jina wataliandika namna gani, lote ama la pili tu.

"Hakuna jina, Mama. Ni nambari. Hata mimi sitatakiwa kujua ni gani."

"Nambari gani?"

"Inategemea waliotangulia."

Nikauliza kwani kuna waliotangulia. Akasema friji imejaa, Mama, imejaa kutoka juu mpaka chini, wa Kisumu, wa visiwani, watoto wachanga, wamama waliopasuliwa wakizaa. Alisema hivyo akitafuta kitambaa ndani ya mkoba wake, bila kuniangalia. Tukatembea mpaka getini. Mimi miaka yote hii nilipiga picha nje ya mlango wa hiyo maabara, koti jeupe na taa ya kijani, na sikuwahi kuuliza kwenye friji mnaweka nini.

Kila nambari ilikuwa na mtu wa kumnyooshea shuka.

Sina la kujisifia leo. Sina hata la kuomba, nimejaribu, maneno yanaisha kwa "Nyasaye", Mungu, hapo tu. Unga wa Achieng hautawahi kumfikia Mzee wangu, na Mzee Hamisi hautamfikia, na sijui kama utamfikia yeyote nikiwa ningali hai.

Kesho nitaenda mapema kabla ya daktari. Ndevu zake zimekuwa ndefu na nyeupe, na yeye hakuwa mtu wa ndevu. Nitabeba sabuni, wembe mpya na maji ya moto kwenye thermosi. Nataka wakija kuchukua damu ya hiyo nambari wakute amenyolewa.